Kurudi Kenya kutoka Uingereza au Marekani: SHA (bima ya afya ya serikali), bima binafsi, au kuendelea kushikilia haki za huko?

Jambo la kwanza ni kutenganisha pensheni na matibabu. Aliyelipa kodi London au Dallas miaka ishirini huamini kwamba haki zake zote zitamfuata. Pensheni humfuata, ingawa kila nchi ina namna yake ya kuipunguza. Matibabu hayamfuati. Siku anapohamia Eldoret au Malindi, NHS (huduma ya afya ya serikali ya Uingereza) na Medicare (bima ya afya ya wazee ya Marekani) hazilipi hata vipimo vya damu, na afya yake inategemea alichokiandaa Kenya. Hasara kubwa hutokea mahali pawili: kuondoka kabla miaka ya pensheni haijatimia, na kutafuta bima baada ya ugonjwa kuingia.

Pensheni: Uingereza na Marekani

| | Uingereza | Marekani |
|---|---|---|
| Kiwango cha chini | Miaka 10 ya michango; kamili ni 35 | Krediti (alama za muda wa kazi) 40, zisizozidi 4 kwa mwaka |
| Umri | 66, unapanda hadi 67 kati ya Aprili 2026 na Aprili 2028 | 67 kwa waliozaliwa 1960 na baadaye. Kuanzia 62 kwa malipo pungufu |
| Nyongeza ya kila mwaka ukiishi Kenya | Hakuna | Ipo, sawa na walioko Marekani |
| Kinachopunguza malipo | Kiwango hubaki palepale maisha yote | Asiye raia wala mkazi hukatwa kodi ya 25.5% |
| Matibabu ukiwa Kenya | Hakuna | Hakuna |

Mstari wa tatu wa jedwali, wa nyongeza, ndio unaoumiza wengi. Uingereza huongeza pensheni ya serikali kila Aprili kwa wanaoishi huko, katika nchi za Umoja wa Ulaya, Marekani na nchi nyingine chache zenye makubaliano. Kenya haimo, na Tanzania na Uganda hazimo. Pensheni kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki katika mwaka wa 2025/26, na Aprili 2026 ikapanda hadi 241.30. Aliyeanza kuipokea akiwa Kenya kabla ya hapo amebaki na 230.25. Tofauti ni pauni 11.05 kwa wiki, yaani karibu 575 kwa mwaka, na huo ni mwaka mmoja tu. Baada ya miaka kumi na tano pengo linakuwa kubwa mno, maana kila nyongeza hujengwa juu ya ile iliyotangulia.

Kinachogandishwa ni kiwango cha siku unayohama, au cha siku unayoanza kulipwa kama tayari uko nje. Ukibaki Uingereza hadi miaka 70 ndipo urudi, utaondoka na nyongeza zote za kabla ya hapo. Ukirudi Uingereza kutembea, unaweza kulipwa kiwango cha juu kwa muda wa ziara, lakini ukishaondoka kinashuka kilipokuwa. Ukihamia tena moja kwa moja, unapandishwa. Kwa hiyo mwenye miaka 64 anayeweza kusubiri asiulize tu lini nyumba ya kijijini itakamilika. Apige pia hesabu ya nyongeza mbili au tatu anazoziacha.

Kwa miaka isiyotosha, Uingereza imebana mlango. Zamani aliyehama aliweza kujaza mapengo kwa michango ya hiari ya Daraja la 2, iliyokuwa pauni 3.50 kwa wiki. Tangu tarehe 6 Aprili 2026 njia hiyo imefungwa kwa walio nje, imebaki Daraja la 3, ambalo mwaka 2025/26 lilikuwa pauni 17.75 kwa wiki. Pia anayeomba upya lazima awe aliishi au alichangia huko miaka 10, wakati awali ilikuwa mitatu. Mwenye miaka tisa ya michango asipande ndege bila kufungua mtandaoni rekodi yake ya National Insurance, yaani ya michango hiyo. Huenda mwaka mmoja wa kazi za muda ulihesabiwa pungufu kidogo, na kuujaza sasa ndiko kutakakomvusha kutoka pensheni sufuri hadi kumi ya thelathini na tano.

Marekani ni rahisi kwa nyongeza na ngumu kwa uhamiaji. Kwa kawaida asiye raia akikaa nje ya Marekani miezi sita kamili, malipo ya Social Security (pensheni ya serikali) husimama. Wananchi wa Kenya, Tanzania, Uganda na Burundi wana msamaha: huendelea kulipwa kama mfanyakazi mwenyewe alipata krediti 40 au aliishi Marekani miaka 10. Angalia hapo, msamaha huo ni wa mfanyakazi. Mke au mume anayelipwa kupitia rekodi yako, ikiwa si raia, kwa kawaida lazima awe aliishi Marekani miaka 5 akiwa na uhusiano huo na wewe. Mke aliyebaki Kisumu muda wote huo hatalipwa akiwa Kisumu, hata mume akifa.

Kodi ya 25.5% humwangukia anayerudisha grini kadi (kibali cha ukazi wa kudumu) au kuiacha ife. Raia wa Marekani hakatwi hivyo, bali hujaza ritani yake ya kodi ya kila mwaka popote alipo. Kwa anayetimiza masharti ya uraia, kuuchukua kabla ya kuhama huokoa robo ya pensheni. Katiba ya 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kuwa na uraia mwingine, ila sheria inamtaka autangaze uraia wa pili ndani ya miezi mitatu.

Kuna malipo ambayo hayasafiri kabisa. Pension Credit ya Uingereza na SSI ya Marekani ni misaada ya wenye kipato kidogo: ya kwanza hukoma ukihama, na SSI hukatwa ukikaa nje siku 30 mfululizo. Aliyekuwa akiongezea pensheni ndogo kwa fedha hizo apange bajeti ya Kenya bila kuzihesabu.

Na kuna karatasi moja inayokata malipo ya watu walio hai. Nchi zote mbili hutuma fomu ya kuthibitisha kwamba bado upo: Uingereza ni cheti cha uhai kinachosainiwa na shahidi, Marekani ni fomu ya maswali kila mwaka mmoja au miwili. Isiporudi, malipo husimamishwa. Fomu huja kwa posta, na hapo ndipo mambo huharibika: sanduku la posta la shule au kanisa, msimbo wa posta uliokosewa, barua iliyolala kwa binamu miezi minne. Lipia sanduku lako mwenyewe, liandike pamoja na msimbo wake, na mtu alifungue kila wiki mbili.

Je, ubakize mlango wa matibabu wa huko?

Wengi hupanga kuishi Kenya na kurudi huko wakiugua sana. Kwa Uingereza mpango huu ni dhaifu. NHS haifuati pasipoti wala michango, inafuata makazi. Ukija kama mgeni, daktari wa kawaida atakuona bure, na huduma ya dharura hadi kabla ya kulazwa ni bure, lakini matibabu ya hospitali baada ya hapo hutozwa asilimia 150 ya bei ya NHS. Ukirudi kuishi kweli, haki inaanza mara moja, bila kusubiri miezi. Utaulizwa ushahidi: mkataba wa nyumba, vitu ulivyosafirisha, akaunti, ulichofunga Kenya. Asiye raia akumbuke kwamba kibali cha kuishi bila kikomo hufa baada ya miaka miwili mfululizo nje.

Kwa Marekani mlango unaweza kubaki wazi, kwa kuulipia. Sehemu A ya Medicare, ya kulazwa, haina ada kwa mwenye krediti 40, hivyo hakuna sababu ya kuiacha. Sehemu B, ya madaktari na vipimo, ni dola 202.90 kwa mwezi mwaka 2026, zaidi ya dola 2,400 kwa mwaka, na haitumiki Kenya. Ukiiacha kisha uitake tena, ada hupanda asilimia 10 kwa kila miezi 12 uliyokaa bila, na nyongeza hiyo haiondoki. Raia mwenye watoto Marekani, anayetarajia kurudi ndani ya miaka mitatu au minne, ana sababu ya kuendelea kulipa. Anayerudi Kenya kuishi na kuzikwa, kila mwezi wa Sehemu B ni fedha ambazo zingelipia bima nzuri Nairobi. Mwenye grini kadi asijipumbaze: mwaka mzima nje bila kibali cha kuingia tena huhesabiwa kuwa ameiacha, na kibali hicho, cha hadi miaka miwili, huombwa ukiwa bado Marekani.

SHA pekee

SHA ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2024. Kila mkazi anatakiwa kujisajili, aliyerudi pamoja na mwenzi wake wa kigeni akiishi Kenya zaidi ya miezi 12. Uzuri wake mkubwa kwa anayerudi na umri mkubwa ni kwamba haina kikomo cha umri na haimkatai mwenye kisukari, presha au saratani. Ni vigumu kupata bima binafsi inayotoa ahadi hiyo kwa mzee wa miaka 74.

Mwajiriwa hukatwa 2.75% ya mshahara wote bila kikomo cha juu: wa shilingi 80,000 hulipa 2,200 kwa mwezi. Asiye na ajira hupimwa kipato cha kaya kwa maswali, kisha hulipa asilimia ileile kwa mwaka mzima mbele, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kaya ikikadiriwa 600,000 kwa mwaka, ada ni 16,500. Maswali yanagusa aina ya nyumba, chanzo cha maji, choo, nishati ya kupikia na idadi ya watu, kwa hiyo nyumba ya mawe yenye kisima uliyoijenga kwa miaka kumi ya kutuma pesa inaweza kukupandisha hata kama sasa unategemea pensheni ndogo. Jibu kwa ukweli, na kiwango kikionekana hakilingani na hali yako, fika Huduma Centre na hati za kipato. Asiyeweza kutoa yote kwa mkupuo ana mpango wa Lipa SHA Pole Pole.

Kujisajili tu, bila kulipa, hukupa huduma ya msingi katika zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na 3. Kulazwa na upasuaji hutaka ada iwe imelipwa. Watu husajiliwa kwa *147#, hupata ujumbe wa kukubaliwa, wakadhani wamemaliza. Miezi mitano baadaye mama analazwa na mfumo unaonyesha hajalipiwa.

Viwango ndivyo vinavyoamua kama SHA pekee itakutosha. Katika vilivyotangazwa 2024, kitanda cha siku hulipiwa 3,360 hospitali ya ngazi ya 4, 3,920 ngazi ya 5 na 4,480 ngazi ya 6. Chumba cha wagonjwa mahututi ni 28,000 kwa siku. Kikao kimoja cha kusafisha figo ni 10,650. Saratani ilipewa 400,000 kwa kaya kwa mwaka kutoka mfuko wa bima, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu na mahututi. Viwango hivi hupitiwa upya, hivyo uliza kinachotumika wiki unayoanza matibabu. Katika hospitali ya umma ya kaunti fedha hizi hukaribia gharama. Katika hospitali kubwa binafsi ya Nairobi ni punguzo tu, zinazobaki ni zako, na mara nyingi utaombwa amana kabla ya kupewa kitanda.

Pengo jingine ni kliniki ya kila mwezi. Presha na kisukari hutunzwa na SHA kwenye kituo cha afya, ikiwa dawa zipo dirishani. Kwa daktari bingwa wa hospitali kubwa, ada ya kumwona na dawa hutoka mfukoni. Mwenye magonjwa mawili sugu atenge bajeti ya duka la dawa kila mwezi hata kama SHA yake imelipwa.

SHA pamoja na bima binafsi

Bima binafsi haichukui nafasi ya SHA, inakaa juu yake: katika hospitali nyingi SHA hulipa sehemu yake kwanza na bima hufuata. Unachonunua ni chaguo la hospitali, kikomo cha mamilioni badala ya kiwango cha siku, na kliniki za wagonjwa wa nje ukizilipia kando.

Hapa umri ni kila kitu. Bima nyingi hupokea mwanachama mpya hadi miaka 60 au 65. Mipango ya wazee ipo, lakini ada ni kubwa na kikomo ni kidogo. Aliyeingia mapema kwa kawaida huruhusiwa kuendelea akizeeka. Kwa hiyo mwenye miaka 58 anayepanga kurudi akiwa na 66 asisubiri. Akirudi na 66 badala ya 61 anaweza kuwa ameokoa pensheni kidogo na kupoteza bima kubwa; akirudi na 61, kinyume chake. Hesabu hizo mbili zifanywe kwenye karatasi moja.

Soma ukurasa wa vipindi vya kusubiri kabla ya ukurasa wa bei. Kawaida ni siku 30 kwa ugonjwa wowote, miezi 10 hadi 12 kwa uzazi, na mwaka mmoja kwa ugonjwa uliokuwepo. Kisha tafuta kikomo kidogo kilichofichwa ndani ya kikubwa: bima ya milioni 3 inaweza kuwa na 300,000 tu kwa magonjwa sugu. Uliza pia kama hospitali iliyo karibu na unakoishi imo kwenye orodha. Kadi nzuri ya hospitali za Nairobi haimsaidii aliye Kapenguria saa nane usiku.

Usifiche ugonjwa kwenye fomu. Dai likija, kampuni huomba rekodi zako za nyuma, na rekodi za Uingereza au Marekani zina kila kitu kwa tarehe. Dai hukataliwa na mkataba unaweza kufutwa ukiwa umelazwa.

Njia bora kwa aliye chini ya 60 ni ajira. Bima ya kundi ya mwajiri mara nyingi humpokea mfanyakazi na familia bila kuuliza magonjwa ya nyuma. Mshahara ulio chini kidogo wenye bima ya namna hiyo, kwa mwenye mtoto wa pumu au selimundu, unaweza kuwa na thamani kuliko ule wa juu usio nayo.

Bima ya kimataifa, inayolipwa kwa dola au pauni, inamfaa anayeishi nchi mbili. Kuondoa Marekani kwenye eneo la bima hushusha bei sana. Ukishatulia Kenya mwaka mzima, fedha hizo zinafanya kazi zaidi kwenye bima ya hapa.

Kabla ya kupanda ndege

Aliyechukua uraia wa Uingereza au Marekani kabla ya Agosti 2010 alipoteza ule wa Kenya, na haurudi wenyewe: lazima auombe. Bila kitambulisho cha Kenya kila kitu kinakwama, kuanzia SHA hadi laini ya simu. Laini nayo ni muhimu, kwa sababu namba za kuthibitisha huja kwenye simu na laini isiyotumika muda mrefu huzimwa. Ifufue mapema, kisha jisajili kwenye Afya Yangu, mfumo wa SHA wa mtandaoni, ukiwa bado huko.

Omba nakala ya rekodi za matibabu: Uingereza ni bure na hutolewa ndani ya mwezi mmoja, Marekani hospitali ina siku 30 na inaweza kutoza ada ndogo. Chukua picha zenyewe za CT au MRI, si ripoti pekee. Dawa ziandikwe kwa jina la kemikali, kwa mfano amlodipine miligramu 5, kwa sababu jina la biashara la Marekani huenda halijulikani dirishani Nakuru. Beba za miezi mitatu pamoja na barua ya daktari, kwenye vifungashio vyake.

Kuna vipimo vinavyosomwa tofauti. Kipima sukari cha Marekani husoma kwa mg/dL, na Kenya, kama Uingereza, hutumia mmol/L. Gawanya ya Marekani kwa 18: 180 ni 10. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c), Uingereza huandika 48 pale wengine wanapoandika 6.5%. Mgonjwa anayemwambia muuguzi "sukari yangu ni 110" na kuona ameshtuka anahitaji kujua hili kabla hajaongezewa insulini.

Kama uliwahi kufanya kazi Kenya kabla ya kwenda, angalia akiba yako ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii). Hulipwa ukitimiza miaka 60, au kuanzia 50 kwa anayestaafu mapema. Inua Jamii, msaada wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi, haimlengi mwenye pensheni, hivyo anayepokea ya Uingereza au Marekani asiihesabu.

Nani achague nini

Familia ya chini ya miaka 50 yenye kazi: SHA kupitia mshahara na bima ya kundi. Kama kazi bado haijapatikana, nunueni ya kulazwa peke yake mwaka wa kwanza na kliniki mlipe mfukoni.

Wenye miaka 55 hadi 64, hata wakiwa wazima: hawa ndio wenye haraka. Waingie bima binafsi sasa, na SHA ilipwe mwaka mzima wiki ya kwanza wakifika.

Zaidi ya 65 na ugonjwa sugu: SHA, makazi karibu na hospitali nzuri ya ngazi ya 5, na akaunti ya akiba isiyoguswa ya miezi sita ya dawa pamoja na amana moja ya hospitali. Bima ya wazee inunuliwe tu kama kikomo chake cha magonjwa sugu kinazidi ada ya miaka mitatu.

Anayesafishwa figo au aliye katikati ya matibabu ya saratani: asihame kwanza. Aje mwezi mmoja, apange nafasi ya mashine katika kituo kinachotambuliwa na SHA, aulize ni vikao vingapi kwa wiki vinavyolipiwa, alinganishe na alivyoandikiwa na daktari wake, na ndipo akate tiketi ya kwenda tu.